Yahusu: Kufutwa kwa Faili la Zamani

"Huyu mtu ana wazimu!" Fundi aligonga meza mpaka kikombe kitupu kikaruka. "Mara ya kumi na moja sasa!"

Kwenye kioo cha kompyuta ujumbe ulikuwa uleule, kutoka kwa yuleyule aliyejiita Nyuki. Ulianza kama barua ya kwenda wizarani: *Yahusu: kufutwa kwa faili la zamani. Tafadhali rejea ujumbe wangu wa tarehe tatu, ambao haujajibiwa ipasavyo.*

Kwa miaka mitatu Fundi alikuwa ameijenga maktaba yake, kifurushi cha msimbo ambacho mafundi wengine hukichukua bure na kukipachika ndani ya programu zao. Kilikuwa na kazi moja tu: kutunza kumbukumbu za sarafu za kidijitali, kila muamala na kila bei, katika hifadhidata ndogo inayokaa humohumo ndani ya programu. Maelezo yake aliyaandika kwa Kiswahili chepesi, hatua kwa hatua, akajisifu kwamba hata asiyejua kompyuta atayaelewa. Saa kumi alasiri hiyohiyo kampuni moja kubwa ingeamua kama itaichukua maktaba na kumwajiri yeye aitunze. Na malalamiko ya Nyuki yalikuwa yamejipanga kwenye ukurasa wa maktaba mtandaoni, hadharani, yakiwasubiri wakubwa wa kampuni.

Wimbo wa Nyuki ulikuwa mmoja. Maktaba inapopanga upya kumbukumbu, hatua ya nne hufuta faili la zamani, ya tano huandika jipya. *Je, umeme ukikatika kati ya ya nne na ya tano?* Basi, hapo ndipo alipoishia kila siku. Hakuwahi kuonyesha hata mstari mmoja wa msimbo.

"Ni Kipara tu," Fundi alisema kwa chuki. Kipara alikuwa mshirika wake zamani, wakaachana kwa matusi. "Hasidi mkubwa. Anataka nikose."

Mlango ukafunguka kidogo. Mama yake akachungulia, miwani imepanda kwenye paji la uso, kwapani kishikwambi alichonunuliwa atazame tamthilia.

"Chai, mwanangu. Nimeipasha mara mbili."

"Baadaye, Mama."

"Tangu juzi ni baadaye. Huyo unayegombana naye, mbona unamjibu papo hapo?"

"Ananiharibia kazi!"

"Nilipokuwa masijala, mtu akilalamika sisi tulikuwa—"

"Mama! Hapa si masijala. Hapa hakuna makabati wala mafaili ya kufunga kwa kamba. Hutaelewa, naomba uniache."

Mama alimtazama kidogo, akaurudisha mlango polepole bila kuubamiza. Fundi aliona haya, na haya ile ikamwongezea hasira. Akaielekeza kwa anayestahili.

*Bwana Nyuki,* aliandika, akizipiga herufi kama anaua mende. *Umeongea mno, na hujui unachoongea. Hii si kazi ya kila mpita njia. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kama mama yako alishindwa, basi leo ulimwengu ni mimi. Koma!*

Akabonyeza. Moyo ukampoa kidogo, lakini kidogo hakikumtosha. Alitaka kumuumbua kabisa. Angefanya jaribio lenyewe, akalirekodi kwa simu, na kulibandika pale ukurasani wote waone nani mjinga.

Akaegemeza simu kwenye kikombe. Akafungua kumbukumbu zake mwenyewe, za miaka mitatu, mistari laki sita na ushee. Kutoa nakala kwanza? Nakala ya nini! Nakala ni ya mtu mwenye wasiwasi. Akaiamuru maktaba ipange upya. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipotokea ya nne, akainama chini ya meza na kung'oa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Akahesabu mpaka kumi, akachomeka, akasubiri kompyuta iamke, akafungua maktaba.

*Kumbukumbu zilizopo: 0.*

Akafungua tena. Sifuri. Akapekua folda yote kwa mkono. Faili la zamani halikuwepo, na jipya halikuwa limeandikwa. Saa ilisema tisa na dakika ishirini, na ile hasira yote aliyokuwa nayo ikakosa pa kwenda. Hatua mbili tu! Angezibadilisha nafasi, yote yangekuwa salama, na huyo mshenzi alikuwa amemwambia mara kumi na moja.

Kompyuta ikalia. Nyuki alikuwa amejibu.

*Yahusu: kufunzwa na mama. Mimi wangu alinifunza vizuri, Mungu amrehemu. Wewe wako yupo hapa sebuleni, ameipasha chai mara ya tatu, anasubiri uje.*