Nungunungu na Sheria ya Miti

Nungunungu alishinda uenyekiti wa bonde kwa ahadi moja: miti ya chemchemi haitaguswa tena, maana kila mti uliokufa ulipunguza maji. Sheria yake ilikuwa fupi. Atakayeua mti ataacha cheo chake na kupanda miche kumi.

Hata hivyo miti iliendelea kukauka, na maji yakazidi kupungua. Wanyama wote wakamtazama Tembo.

"Ni wewe tu mwenye nguvu hizo," Nungunungu alimkemea barazani.

"Mimi huvunja matawi, Mheshimiwa," Tembo alijibu. "Miti hii imegugunwa gome chini kabisa. Mwili huu niuinamishe vipi?"

Kanga, aliyezoea kuchakura kila mahali, akaweka mbele ya baraza mwiba mrefu wenye mistari myeusi na myeupe. "Nimeuokota penye mti uliokauka jana. Wa nani huu?"

Nungunungu angeweza kusema umeletwa na upepo, lakini aibu ikamshika.

"Ni wangu," alisema. "Nilikuwa naonja gome kidogo tu, kila siku. Sikudhani kidogo kinaua."

Akashuka kitini siku hiyo hiyo, akapanda miche kumi, akaibebea maji mpaka ikashika.

Uchaguzi uliofuata, wa kwanza kumpendekeza alikuwa Tembo.

"Huyu tena?" Kanga alishangaa.

"Huyu huyu," alisema Tembo. "Sheria za wengine zilinikamata mimi tu. Yake ilimkamata yeye mwenyewe, naye akakubali."