Dubwana la Meneja

Swichi kuu ya kiwanda ilikuwa imejizima mara tatu tangu asubuhi. Meneja akatua swichi mpya mezani, puu! "Mama, hii ni kubwa mara mbili. Haitatusumbua."

Fundi umeme, mama wa makamo, hata hakuitazama. Alimshika meneja mkono, akaulaza juu ya waya mnene. Waya ulikuwa na joto la kikombe cha chai.

"Hii ndogo ya zamani hujizima ili kuuokoa waya, bosi. Ukifunga hilo dubwana, utaungua waya, kisha kiwanda. Tatizo mnawasha mota zote kwa mpigo mmoja."

Akawasha ile mota kubwa peke yake. Sindano ya mita ikaruka hadi kwenye alama nyekundu, ikatetemeka, ikashuka. Ndipo akawasha zile mota ndogo kumi, moja moja. Swichi ya zamani ikatulia tuli, haikujizima.

Meneja alirudisha dubwana lake kwenye boksi, kisha akamvutia mama yule kiti chake mwenyewe.