Kabula Amepiga Magoti

Kila mwaka darasa la sita huenda ziara ya Mpanda kwa mashindano. Timu ni nane, za watoto wanne wanne, na kila timu hujitafutia usafiri. Inayofika mwisho hubaki huko, watoto wakapewa wazazi wapya.

Tuliketi sebuleni Singida, mimi na mume wangu, tukifuatilia alama ya binti yetu Kabula kwenye skrini. Sauti yake ilitufikia, zetu hazikumfikia. Timu sita zilikwishafika. Ya Kabula ilibakiza mita mia mbili, nyingine ikiwa nyuma yake kidogo.

Alama ikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Amepiga magoti," nikasema. "Nilimfundisha asiinuke kabla ya kuitikiwa."

"Kabula, twende! Utamsalimia kesho!" wenzake walipiga kelele.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akaitikia taratibu. "Nyumbani hawajambo? Na ng'ombe?"

"Inuka, mwanangu," mume wangu akaiambia skrini.

"Hawajambo, bibi."

Alama ya timu nyingine ikampita.

"Mtoto ana adabu huyu! Wa nani wewe?"

Kabula akamtajia majina yetu, la baba yake kisha langu, bila haraka.