Nkwabi Anatembea kwa Miguu

Daktari alimwambia Nkwabi, mnunuzi wa dhahabu pale Masumbwe, atembee apunguze kitambi. Hakufika mbali, pikipiki ikasimama kando yake.

"Shikamoo, bosi. Gari limeharibika?"

"Marahaba. Natembea tu."

Dereva alimtazama kwa huruma. "Panda, mzee. Leo nakupeleka bure."

Kufikia mchana, soko zima lilishajua kwamba Nkwabi amefilisika.

Kesho yake alitoka na jembe begani. Pikipiki zikampita bila kusimama, naye akatembea kwa raha hadi nje ya mji, jasho likimtiririka tumboni.

Huko bibi mmoja akainuka katikati ya matuta ya viazi.

"Afadhali umekuja, baba. Kibarua wangu amenitoroka. Anzia pale kwenye mpaka."

Nkwabi alifungua mdomo ajieleze. Akaufunga, akavua shati.