Wa Mwaka wa Farasi Wageuke

"Toka kwenye turubai!" Swee Imm alifoka, na kwa ule mkono wake mmoja mzima akampokonya mgeni shada la maua meupe, akalitupa mtaroni.

Waombolezaji waliacha kumenya karanga. Hakuna aliyehitaji kuuliza mgeni ni nani. Kidevu kile kile, pua ile ile, hata ile nyusi moja iliyopanda juu. Yeye na Swee Imm walifanana kama shilingi kwa ya pili, ila mgeni alimzidi kimo na mabega.

"Dada, sikuja kugombana," mgeni alisema. Aliitwa Kwai Lin, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Naomba kumwona baba mara moja tu, kabla hajafunikwa. Sijawahi kuiona sura yake."

"Usiniite dada! Nuksi mkubwa wewe! Mwezi jana umetuandikia barua kwamba unakuja, mwezi huu baba kafa. Sasa umemfuata mama, siyo?"

Mtaa mzima wa nyuma ya soko la Teluk Intan ulikijua kisa chao. Miaka arobaini na miwili nyuma, usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Kichina, mnyama mmoja anapomwachia mwingine zamu ya mwaka, mke wa Ong muuza tofu alijifungua mapacha wa kike. Wa kwanza alitoka kabla ya saa sita, mwaka wa Nyoka ukiwa unamalizika. Wa pili alimkuta Farasi ameshaingia, tena Farasi wa Moto, na mwanamke wa nyota hiyo, watu walisema, humla baba yake, kisha mumewe. Mama mkwe wa mzazi hakutaka hata kuwatazama usoni. Alimwamuru mkunga amfunge wa kwanza uzi mwekundu mkononi, wasije wakachanganywa, na kulipokucha akambeba asiye na uzi akampeleka mbali, mji wa Ipoh, kwa watu wasiojali mambo ya nyota.

Aliyebaki ni Swee Imm. Alilishwa uji wa kuchuja kwa kipande cha pamba mpaka akashika uhai, na tangu alipojua kusema alijisifu kuwa Nyoka. Nyoka ni mtulivu, Nyoka haropoki, Nyoka ana busara za kuzaliwa nazo. Waume wawili walioishi naye wangeweza kusema mengine, lakini walishaondoka zao. Mwaka huu wa Panya kitabu cha utabiri kilimwahidi Nyoka afya njema, naye akavunjika mkono wiki ya pili tu. Kosa, alisema, ni la wachapishaji.

"Imm," sauti ikatoka kando ya jeneza. "Mwache aingie."

Alikuwa mama yao. Siku tatu hakuwa amesema neno. Alikaa mkekani na sinia la nyuzi nyekundu, zile wanazopewa wageni ili mkosi wa msiba usiwafuate nyumbani, na uzi mmoja alikuwa ameuzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikawa zambarau.

"Mama, umesahau? Panya na Farasi hawapatani! Kitabu kimesema wazi, mwaka huu Farasi asitie mguu msibani. Halafu huyu si Farasi hivi hivi. Hana pa kutulia, hana haya, kazi yake kuchoma kila anapopita. Ukimwingiza, kesho tunakuzika wewe!"

Kwai Lin alisimama pale pale penye jua, mikono imening'inia, kama mtu aliyezoea kufukuzwa.

Kuhani Goh alitazama saa yake. Jeneza lilipaswa kufungwa saa sita mchana, wala si dakika moja baadaye. Swee Imm akamsogelea.

"Leo unawageuza watu wa nyota gani?"

"Farasi. Wageuke kabla sijafunua uso wa marehemu, mpaka msumari wa mwisho. Atakayetazama, hataumaliza mwaka."

Swee Imm akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Haya, ingia basi, mdogo wangu," akaita kwa nguvu, kila mtu asikie. "Njoo hapa mbele kabisa. Sogea. Bado, sogea tena."

Akamsimamisha mahali ambapo angeweza kuligusa jeneza. Alitaka afike karibu kiasi hicho, halafu ageuzwe. Kwai Lin alimshukuru mara mbili, na Swee Imm akazipokea zote mbili.

Kuhani alipiga kengele. Akashika kitambaa kilichofunika uso wa Ong muuza tofu.

"Waliozaliwa mwaka wa Farasi, geukeni!"

Wazee wawili wakageuka. Jirani mmoja akageuka na kujifunika macho kabisa. Kwai Lin alitikisika kama aliyepigwa kofi. Alimtazama Swee Imm, akaelewa. Machozi yakamtoka. Akaanza kugeuka polepole.

"Haraka!" Swee Imm alisema. "Au Farasi hana masikio?"

Mama aliinuka mkekani. Akamshika Kwai Lin mkono, akamrudisha kulielekea jeneza, na akakitoa kile kidole kwenye uzi, akamfunga uzi ule mkononi.

"Mtazame baba yako, mwanangu. Mtazame mpaka ushibe."

"Mama! Una wazimu? Atakufa huyo! Atatumaliza wote!"

Mama akamgeukia binti aliyemlea. Mikono yote miwili akamwekea mabegani, kwa upole, kama anayemvisha nguo.

"Ulikuwa mdogo kama kifaranga, Imm. Usingefika Ipoh. Uzi niliuhamisha mimi," alisema. "Geuka."