Sarafu ya Bibi Sidonia

"Fungua mkono, Veit."

Veit hakufungua. Sarafu aliyotoka kuigonga ilikuwa imemkaa kiganjani, nene, ya fedha tupu, na aliyesimama mbele yake hakuwa mteja wa kutaniwa. Alikuwa Ludeger mwenyewe, mtawala wa Falkenroda, na walinzi wake wawili walikuwa wameziba mlango wa karakana.

"Nimeambiwa unagonga fedha yenye sura yangu bila ruhusa yangu. Unajua waghushi tunawafanyaje?"

Nani asiyejua? Mwaka jana mmoja alichemshwa pipani pale sokoni, na Veit, maskini, alikuwepo. Juu darini wanawe walikuwa wanacheza, akiwasikia.

Lakini alikuwa amemwapia Bibi Sidonia, mke wa mtawala, kwamba atatunza siri. Bibi alikuja kwa miguu, kajifunika uso, akamwachia maneno ya Kilatini kwenye karatasi. "Mchore mume wangu, na maneno haya yamzunguke. Wageni watagawiwa Jumapili. Akijua mapema, fundi, utakuwa umeniharibia." Kilatini Veit hakijui, herufi anazijua kwa sura tu. Alizichonga kinyume kwenye muhuri wa chuma, mojamoja, huku moyoni anajisifu kwa kushirikishwa mambo ya mapenzi ya wakubwa.

"Mchukueni," Ludeger aliwaambia walinzi.

Veit akakivunja kiapo hapo hapo. "Bwana mkubwa, ni zawadi. Mkeo ndiye kaniagiza. Alitaka kukushtukiza."

Akafungua mkono. Ludeger akaichukua sarafu, akaisogeza dirishani, na uso wake ukalainika.

"Hebu ona. Hata pua hukunipunguzia."

"Bibi alikataa. Alisema anataka watu wakukumbuke ulivyo."

"Na mimi nilidhani amenichoka." Mtawala alicheka, jicho limemlowa. Akawaashiria walinzi watoke nje. Veit akashusha pumzi. Leo atakula na wanawe.

Ludeger aliizungusha sarafu, akaanza kuyafuata yale maneno kwa kidole, taratibu, kama anayetaka yasiishe. Kidole kikasimama.

"Veit," aliuliza kwa sauti ya chini, "leo tarehe ngapi?"

"Tarehe tisa, bwana mkubwa."

"Hapa imeandikwa nilifariki tarehe kumi."