Siku Kocha Alipobebwa Hadi Ziwani

Viatu vya Kocha Melkiades vilibaki uwanjani; mwenyewe alikuwa hewani, juu ya mabega ya vijana wake kumi na mmoja, akipelekwa ziwani.

"Nishusheni, jamani!" alipiga kelele, akicheka mpaka machozi. Nani amsikie? Akina mama wauza samaki wa ndagala waliacha mabeseni yao wakaingia kwenye msafara kwa vigelegele.

Zamani, katika kambi ya wakimbizi Tanzania alikozaliwa, walimwita Radi. Alifunga mabao mpaka timu za Kigoma zikamgombania. Kisha goti likamsaliti. Aliporudi Rumonge, walikotoka wazazi wake, hakuwa na kitu ila diploma ya ualimu na filimbi shingoni. Koleji moja ndogo ya sekondari upande wa Kizuka ikampa somo la biolojia, na timu juu yake. Kwa miaka mitatu aliwanoa vijana wale mchangani, alfajiri, kabla kengele ya darasa haijalia.

Asubuhi ya siku hiyo Madamu Domitille, mkuu wa koleji, alimwita ofisini.

"Antrenere, mambo ya baluni, huu mpira wenu, sasa basi. Muhula ujao pale uwanjani tunapanda michikichi."

"Madamu, kuja leo tu uangalie. Tunacheza na Kigwena. Halafu upande hata mihogo."

Alikuja kweli, na mwavuli wake, na sura ya msibani.

Dakika ya themanini ikapigwa kona. Kipa wa Kigwena alikuwa ameegemea nguzo ya lango. Mpira ukavuka vichwa vyote, ukamwangukia Josias, beki mwembamba wa koleji, mzaliwa wa Gitaza, ambaye siku zote hupiga mpira kama anayefukuza kuku. Melkiades akafumba macho.

Akasikia wavu ukitikisika.

Kisha uwanja ukalipuka. Mwavuli uliruka juu, na Madamu Domitille akaufuata.

"Michikichi nitapanda nyumbani kwangu!" alilia, akiwakumbatia watu asiowajua. "Timu inabaki! Antrenere, timu inabaki!"

Hata kipa wa koleji alikuwa amekata uwanja mzima mbio ili naye apate kushika mguu wa kocha. Refa aliwakimbilia mpaka barabarani, filimbi mdomoni.

"Murudi! Mechi haiyaisha! Iko dakika kumi bado!"

Wapi! Walimtosa Melkiades majini na suruali yake yote. Aliibuka akitweta, akamwona Josias amesimama katika maji ya kiuno, analia kama mtoto. Akamvuta kifuani. Katika mabao yote aliyowahi kufunga maishani, hakuna hata moja lililomtetemesha hivi.

Kule uwanjani, vijana wa Kigwena waliuanza mpira katikati, wakatembea nao taratibu hadi kwenye lango lisilo na mtu, wakafunga bao lao la kumi na nne.